Kurudi Nairobi kwa Likizo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi Wanaosoma Ng'ambo na Familia Zao

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vijana wa Nairobi wanaosoma nje ya nchi, na kwa ajili ya wazazi wanaowangoja. Mimi mwenyewe nilisoma Leeds, Uingereza, kwa miaka minne, na katika muda huo nilirudi nyumbani South B mara mbili tu. Fedha nilizokuwa nazo safari zote mbili zilikaribiana. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza nilirudi na siri, nikawakuta wa nyumbani nao wana siri yao, ilhali mara ya pili tulikuwa tumekwisha kuambiana kila kitu kabla sijapanda ndege. Tangu nihitimu nimeketi na wanafunzi na wazazi wengi wa mitaa ya hapa mjini, na maswali yao hufanana mno.

Ni msimu gani unaofaa zaidi kurudi?

Jibu hutegemea nchi unakosoma. Katika vyuo vingi vya Uingereza na Marekani likizo ya Desemba huwa ya wiki tatu au nne hivi, nayo huangukia wakati shule za Kenya zimefungwa na familia nyingi zinajiandaa kwenda mashambani. Likizo yao ndefu huanza Juni na kuendelea hadi Agosti au Septemba. Anayesoma China hupata mapumziko marefu ya baridi karibu na mwaka mpya wa Kichina, ambao huwa kati ya tarehe 21 Januari na tarehe 20 Februari, wakati ambapo wadogo zake wamekwisha kurudi shuleni. Anayesoma Australia kwa kawaida humaliza mwaka wa masomo mnamo Novemba, akawa na nafasi ya kukaa nyumbani hadi Februari.

Desemba ina raha yake, lakini nauli ya ndege hupanda kuanzia katikati ya mwezi huo, na kila siku yako huliwa na harusi, ibada na wageni. Likizo ya Julai ina faida ambayo wengi hawaioni: nyumbani hakuna sherehe, na mzazi ana muda wa kuketi nawe jikoni bila kuitwa huku na huko. Beba sweta, kwa maana Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake ni ya mawingu na manyunyu. Kwa familia za Kiislamu, Idi hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo ipo miaka ambayo huangukia likizo ya chuo na miaka ambayo haiangukii. Itazame kalenda mapema badala ya kungoja kutangaziwa.

Nihakikishe hati gani kabla ya kununua tiketi?

Wanafunzi wengi hufikiria hati za kuja nyumbani, ilhali Kenya haiwezi kumkataa raia wake. Hatari iko katika safari ya kurudi masomoni, na ndiyo maana nasisitiza kwamba hati zikaguliwe kabla ya tiketi kununuliwa.

Anza na pasipoti. Tangu tarehe 30 Novemba 2022 pasipoti za zamani za Kenya hazitumiki tena, na inayokubaliwa ni ile ya kielektroniki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi na mashirika mengi ya ndege hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kumaliza muda wake. Ikiwa yako inakaribia ukingoni, usipange kuibadilisha katika wiki tatu za Desemba, hata kama maombi hujazwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ofisi ya uhamiaji ya Jumba la Nyayo iko mwendo wa dakika chache kutoka steji yako. Foleni za msimu huo hazimhurumii mtu mwenye tarehe ya kurudi.

Anayesoma Marekani kwa viza ya F-1 anapaswa kuelewa kwamba viza humruhusu kuingia tu, na kwamba inaweza kumaliza muda wake angali masomoni bila yeye kuvunja sheria yoyote. Tatizo huanza anapotoka: viza iliyokwisha italazimu aombe nyingine katika ubalozi ulioko Gigiri kabla ya kurudi, na mahojiano hayapatikani kila siku. Pia karatasi ya I-20, inayothibitisha kwamba umesajiliwa chuoni, inahitaji saini ya safari kutoka kwa afisa wa chuo, na kwa mwanafunzi anayeendelea na masomo saini hiyo hudumu mwaka mmoja. Kijana mmoja wa Donholm niliyemsaidia alizuiwa kwenye kaunta ya ndege hapa Nairobi kwa sababu saini yake ilikuwa ya miezi 14. Alibaki siku nne akingoja chuo kimtumie karatasi nyingine, na mama yake hakulala siku zote nne.

Uingereza imeacha kutumia zile kadi za ukaazi tulizobeba sisi. Kadi nyingi zilikwisha muda mnamo tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi ya mwanafunzi hukaa mtandaoni kama viza ya kielektroniki iliyounganishwa na pasipoti. Ukibadilisha pasipoti ukiwa nyumbani, ingia katika akaunti yako uweke nambari mpya kabla ya kwenda uwanjani. Kwa Canada, kibali cha kusoma hakitoshi peke yake. Mkenya anahitaji pia viza ya kuingia iliyo hai. Na aliye Ujerumani asikae nje zaidi ya miezi sita bila ruhusa, kwani kibali chake cha ukaazi kinaweza kukoma.

Je, nipitie nchi gani njiani?

Pitia pale ambapo hutahitaji viza ya kupita. Wanafunzi wengi hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul bila shida. Mkenya anayepitia London kwenda kwingine kwa kawaida huhitaji viza ya kupita, isipokuwa awe na mojawapo ya hati zinazomwondolea sharti hilo, kwa mfano viza halali ya Marekani. Tiketi yenye bei nafuu inayokulazimu kukusanya mizigo na kuingia nchi ya tatu usiku wa manane huwa ghali kuliko ilivyoonekana. Kutoka New York kuna safari ya moja kwa moja hadi Nairobi tangu Oktoba 2018. Mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza peke yake ningemshauri aitafakari, hata ikibidi aongeze kidogo.

Kuna chanjo au dawa ninazopaswa kuzingatia?

Ndiyo, na swali hili ni zito kuliko watu wanavyodhani. Baadhi ya nchi, India ikiwa mojawapo, hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kutoka kwa anayewasili akitoka Kenya, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini kwa hadi siku sita. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo kuchanjwa siku ya kuondoka hakukusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti kimoja hudumu maisha yote. Kitunze ndani ya pasipoti.

Kuhusu malaria, Nairobi yenyewe haina hatari kubwa kwa sababu ya mwinuko wake. Lakini wengi wetu hatukai Nairobi Desemba nzima. Ukienda Siaya, Busia, Homa Bay au Pwani, kumbuka kwamba kinga ambayo mwili wako uliijenga utotoni hupungua ukiishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria. Kijana husema, "Mimi nilizaliwa Kisumu, mbu wananijua," kisha analazwa. Lala ndani ya chandarua, na umwone daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kusafiri. Ukipata homa baada ya kurudi ng'ambo, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari wa huko sentensi moja kabla ya nyingine zote: nimetoka Kenya. Usipomwambia, yeye atafikiria mafua.

Nani aje kunipokea, na nitakutana na nini uwanjani?

Ndugu hungoja nje ya jengo la wanaowasili, kwa hivyo hakuna haja ya watu 20 kukodi matatu nzima kutoka Kayole. Najua desturi hiyo inatoka wapi, na naiheshimu. Watu waliochanga fedha wanastahili kumwona mtoto wao akitua. Hata hivyo, mtu aliyekaa safarini saa 15 hana uwezo wa kumsalimia kila mmoja kwa heshima anayostahili. Waje watatu au wanne, na wengine wangoje nyumbani na chapati.

Forodhani, nguo zako na kipakatalishi unachotumia ni mali yako binafsi. Simu tano mpya ndani ya maboksi yake zitaonekana kama bidhaa za biashara, na utaulizwa. Fedha taslimu zinazofika dola 10,000 za Marekani lazima zitangazwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo ile uliyopewa katika maduka ya uwanja wa ndege ulikopitia iache hapo.

Kutoka hapo hadi mjini kuna barabara mbili za kuchagua. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, hulipiwa na huokoa muda mwingi jioni. Barabara ya Mombasa iliyo chini yake ni bure, lakini ina subira yake. Mwenye mzigo mwepesi na aliyewasili mchana anaweza kupanda matatu nambari 34.

Kila mtu anatarajia zawadi na fedha, nami sina. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na ndilo linalowafanya baadhi ya wanafunzi wasirudi kabisa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kijana aliyesomeshwa kwa harambee anajua kwamba mikono mingi ilimtilia kitu. Shangazi alitoa shilingi 2,000 zilizokuwa za duka lake. Mjomba aliuza mbuzi. Ukirudi bila chochote, unahisi kwamba umewala.

Kwanza, wanafamilia waelezwe jinsi maisha ya mwanafunzi yanavyoendeshwa. Mwenye viza ya mwanafunzi nchini Uingereza, akisomea shahada, huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani, wa F-1 huruhusiwa saa 20 ndani ya chuo chenyewe. Canada iliweka kikomo cha saa 24 nje ya chuo kuanzia Novemba 2024. Ujira wa saa hizo hulipa kodi ya chumba, chakula na usafiri, na mara nyingi hautoshi. Dola 100 zikigeuzwa kuwa shilingi huzidi 12,000, na hapo ndipo macho ya nyumbani yanapodanganyika, kwa sababu mwanafunzi hazitumii Nairobi. Anazitumia mahali ambapo chumba kimoja kinaweza kumaliza mshahara wote wa mwezi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiosha vyombo usiku katika mkahawa mmoja, huku nikipiga picha mbele ya majengo ya kupendeza na kuzituma nyumbani. Nilipotangaza kwamba ninarudi Desemba, binamu zangu walinitumia orodha: viatu, simu, jezi. Nikakopa. Nikanunua karibu vyote. Deni hilo nililipa kwa miezi saba, na katika miezi hiyo nilianguka mitihani ya masomo mawili kwa sababu niliongeza zamu za usiku.

Safari ya pili nilimwandikia baba ujumbe mwezi mmoja mapema, nikamwambia ninachopata, ninacholipa na kinachobaki. Nilimwomba awaeleze wengine kwa niaba yangu, kwa sababu neno la baba hupokelewa vingine. Naye aliponipigia simu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo alikuwa amenificha: shamba letu dogo la Machakos lilikuwa limeuzwa ili kumalizia karo. Nililia, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyejifanya tena mbele ya mwenzake. Nilipowasili nilikuwa na pakiti za peremende za kugawa, kitambaa cha kichwa cha nyanya mdogo, na miwani ya kusomea ya baba. Hakuna aliyeniuliza simu iko wapi.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Sema mapema, usingoje kuulizwa sebuleni mbele ya wageni. Chagua mtu mzima mmoja akusemee. Leta kitu kidogo kwa wazee na kwa watoto, na kiwe kimechaguliwa kwa kumfikiria mtu, maana mzee hutambua zawadi aliyonunuliwa yeye na ile iliyonunuliwa kwa haraka uwanjani. Na watu waliochangia harambee watembelewe, hata kama huna cha kuwapa. Kuketi nao nusu saa na kuwaeleza unachosoma ni deni ambalo kweli unaweza kulilipa.

Sisi ni wazazi. Mtoto wetu amerudi akiwa mtu mwingine: hali chakula, haongei, na analala mchana. Tumemkosea?

Siku za kwanza, huenda ni saa tu. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane wakati wa baridi yao na saa saba wakati wa joto, na mwili wa binadamu huzoea tofauti hiyo kwa takriban saa moja kila siku. Mtoto aliyetoka huko anaweza kuhitaji wiki nzima kabla ya kulala usiku kama ninyi. Msimpangie ibada ya shukrani kesho yake asubuhi.

Ukimya ukiendelea baada ya wiki mbili, uchukulieni kwa uzito. Wengi wetu tulikaa miezi bila kuguswa na mtu, bila kusikia jina letu likitamkwa sawasawa, tukirudi saa kumi alasiri katika chumba chenye giza kwa sababu Desemba na Januari jua la kule huzama mapema mno. Huzuni ya namna hiyo haiondoki siku mtu anapotua Embakasi. Wakati mwingine ndipo inapojitokeza, kwa kuwa sasa pana mtu wa kuiona. Msimwambie kwamba wenzake wanatamani nafasi yake. Analijua hilo, na ndilo lililomzuia kusema. Mpeni kazi ndogo za pamoja: kuchambua sukuma wiki, kwenda naye sokoni, kumsindikiza nyanya kliniki. Mama yangu hakuniuliza swali hata moja kuhusu masomo siku tano za mwanzo. Siku ya sita, tukikanda unga wa chapati, nilimwambia yote bila kuulizwa.

Akisema kwamba hataki kuishi, au akiacha kula na kuoga, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo. Maombi yaendelee sambamba na tiba. Moja halizuii jingine.

Na lafudhi iliyobadilika isiwe mzaha wa kila mlo. Mtu anayetaka kueleweka darasani hujifunza kutamka kama wanaomsikiliza, na lafudhi yake ya zamani humrudia akikaa nyumbani kidogo.

Nina miaka 22, naishi peke yangu ng'ambo, lakini nyumbani naambiwa niwe ndani saa moja jioni. Na chumba changu kimechukuliwa.

Chumba kilichukuliwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekihitaji. Mdogo wako amekua, naye hakukunyang'anya chochote. Lala palipo na nafasi, na uombe rafu moja ya kuweka vitu vyako.

Kuhusu saa ya kurudi, mzazi wako hajui ulivyoishi. Anajua Nairobi inavyokuwa usiku. Mwambie unakokwenda, na nani, na utarudi kwa njia gani, na mara nyingi saa moja itageuka kuwa saa tatu bila ugomvi. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakumwondoa mwana wa nyumba aliyerudi kutoka mbali. Osha vyombo, fua nguo zako, mpeleke mdogo wako kinyozi. Anayeshika jembe husikilizwa anapoomba ruhusa.

Laini yangu ya simu na M-Pesa vitakuwa vingali vinafanya kazi?

Laini isiyotumika kwa muda mrefu huzimwa, na baadaye nambari hiyo hupewa mtu mwingine. Kabla ya kuondoka Kenya, waulize wahudumu wa mtandao wako namna ya kuidumisha ukiwa nje, kisha itumie mara kwa mara. Ukipoteza nambari hiyo, huenda ukapoteza pia njia ya kuingia katika akaunti ya benki na eCitizen. Beba kitambulisho chako halisi. Picha yake kwenye simu haitatosha ukitaka kurudishiwa laini.

Tunaenda mashambani Krismasi. Nipange vipi?

Panga mapema, kwa kuwa nauli za mabasi ya kwenda Magharibi, Nyanza na kwingineko hupanda wiki ya Krismasi, na tarehe 23 na 24 Desemba vituo vya katikati ya mji hujaa hadi barabarani. Kwa Pwani, treni iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 huondokea Syokimau, na tiketi za msimu huo huisha upesi. Mwombe ndugu aliye nyumbani akukatie hata kabla hujawasili. Acha angalau siku nne kati ya kurudi kutoka shambani na siku ya ndege. Magari huharibika, mvua hunyesha, na wazee hawapendi mtu anayeaga akiangalia saa.

Ninaweza kubeba chakula gani nikirudi chuoni?

Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa havileti shida mahali pengi. Unga wa mahindi pia hupita katika nchi nyingi, mradi uwe katika pakiti yake ya dukani iliyofungwa. Nyama na maziwa ni jambo jingine: Uingereza na Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria anayetoka Kenya kuingia na nyama, maziwa wala vyakula vinavyotokana navyo, hata kama mama alivikausha kwa mikono yake mwenyewe. Marekani na Australia hutaka utangaze kila chakula ulichobeba. Anayetangaza, kwa kawaida hupoteza chakula tu. Anayeficha huenda akatozwa faini. Nilimwona msichana akilia mbele ya kaunta, nyama ya mama yake ikitupwa. Waambieni akina mama mapema, ili upendo wao uingie katika majani ya chai.

Sina nauli mwaka huu. Je, kutorudi ni kuwatelekeza wazazi?

Hapana. Mnamo Septemba 1959, kupitia mpango ulioongozwa na Tom Mboya, wanafunzi 81 walipanda ndege kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, na mamia wengine wakafuata hadi mwaka 1963. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960, akarudi mwaka 1966. Watu hawa waliishi kwa barua zilizochukua wiki kadhaa, na waliporudi walikuta watoto wasiowafahamu, lakini hakuna aliyesema kwamba walikuwa wamewakana wazazi wao.

Wewe una simu. Weka siku na saa maalumu ya kupiga, na uishike. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima, ilhali Uingereza huzibadilisha mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, hivyo tofauti huwa saa mbili au tatu. Mweleze mama ili asikae akingoja simu isiyolia. Siku ya Krismasi yenyewe usikae peke yako chumbani. Tafuta Wakenya wa mji huo, kanisa, msikiti, au familia ya mwenzako wa darasa.

Rafiki yangu wa kigeni anataka kuja nami. Inawezekana?

Inawezekana. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuweka idhini ya safari ya kielektroniki, ambayo wageni wengi kutoka nje ya Afrika huiomba mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Jambo zito zaidi ni kuwauliza wazazi kwanza, na kuwaambia waziwazi kama huyo ni rafiki wa darasani au ni mchumba. Ukinyamaza, watajibu swali hilo wao wenyewe, pamoja na majirani.

Mtu wa familia akifariki nikiwa ng'ambo, niambiwe au nifichwe?

Aambiwe. Nyanya yangu aliyenilea alizikwa Oktoba ya mwaka wangu wa pili. Wazazi wangu walihofia mitihani yangu, wakakubaliana kunyamaza, na kila nilipomwulizia niliambiwa amelala. Nilijua ukweli Desemba, ndani ya gari kutoka uwanja wa ndege, tukipita Cabanas, nikiwa na kanga niliyomnunulia imo ndani ya mkoba wa mkononi. Nilielewa kwa nini walifanya vile, na nimewasamehe. Lakini kwa wiki tatu zote sikuweza kula nao, na nilirudi Leeds nikiwa mgeni kwa watu wangu.

Mzazi anayehofia mitihani na achague wakati na njia: ampigie asiwe peke yake, ikiwezekana amwombe rafiki wa mtoto awe karibu. Kuhusu kuja mazishini, jibuni pamoja baada ya kuangalia hati, nauli na ruhusa ya chuo, kwani vyuo vingi huahirisha mitihani kwa sababu ya msiba wa karibu ukiwasilisha barua. Asipoweza kuja, asubuhi ya mazishi mmoja wenu amshikie simu ili asikie nyimbo. Na akirudi likizo, hata baada ya mwaka, mpelekeni kaburini kabla ya kumpeleka popote pengine.

Nitaagaje siku ya kuondoka?

Fungasha siku mbili kabla, upime mizigo, na betri za kuchajia simu ziweke katika mkoba wa mkononi, kwa sababu haziruhusiwi katika sanduku linaloingia chini ya ndege. Fika uwanjani saa tatu kabla ya muda wa kuruka. Wanaokusindikiza watabaki nje ya mlango wa ukaguzi, hivyo mambo ya maana yasemwe nyumbani, watu wakiwa wameketi.

Wengine hupenda kusindikizwa hadi mwisho, na wengine hawawezi. Mara ya pili mama alikataa kuja uwanjani. Aliniagia mlangoni, akaniwekea mkononi pakiti ya majani ya chai iliyofunguliwa tayari, ile tuliyokuwa tukiinywa pamoja wiki hizo nne, kisha akaingia ndani kuosha vikombe. Nilimpigia kutoka Leeds kabla ya kuvua koti, maji yakiwa jikoni yanachemka.